Fokasi na Mambo Mawili Yaliyoachwa Nje: Ulandanifu na Upolarishaji katika Historia ya Kukusanya Mwanga, 1808–2007

Historia ya namna mwanga unavyokusanywa mahali pamoja imezoeleka kuandikwa kama historia ya lenzi: nani alisaga kioo bora zaidi, nani aliondoa rangi zilizoizunguka taswira, nani aliifikisha hadubini kwenye ukomo wake. Mtazamo huo una ukweli, lakini unaficha jambo moja la msingi. Kwa zaidi ya karne moja, hesabu iliyotumika kueleza kitone cha mwanga kwenye fokasi ilisimama juu ya dhana mbili za kurahisisha mambo. Ya kwanza ni kwamba chanzo cha mwanga ni nukta moja. Ya pili ni kwamba mtetemo wa mwanga unaweza kuwakilishwa na namba moja tu, isiyo na mwelekeo. Dhana ya kwanza iliacha nje kile kinachoitwa hapa ulandanifu wa kimahali, yaani kiwango ambacho mitetemo ya mwanga katika sehemu mbili tofauti za wimbi huenda pamoja. Dhana ya pili iliacha nje upolarishaji, yaani mwelekeo unaofuatwa na mtetemo huo.

Hoja inayojengwa katika insha hii ni kwamba mambo hayo mawili hayakuachwa nje kwa sababu hayakujulikana. Yalijulikana kabla hesabu yenyewe haijaandikwa. Yaliachwa kwa sababu mwanga wa kawaida, wa jua na wa taa, hauna ulandanifu mpana wala mwelekeo maalumu wa mtetemo, na hivyo ulificha makosa ya hesabu hiyo kila mara ilipopimwa. Leza haikuleta tatizo jipya; iliondoa pazia.

Katika majira ya vuli ya mwaka 1808, Étienne-Louis Malus, mhandisi wa jeshi aliyewahi kuwa Misri katika msafara wa Napoleon, alikuwa nyumbani kwake Paris akitazama kupitia fuwele ya kalsiti mwanga wa jua ulioakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg. Fuwele hiyo huonyesha taswira mbili za kila kitu. Malus aliona kwamba kadiri alivyoizungusha, taswira moja ilififia na nyingine ikakolea. Mwanga uliogonga kioo na kurudi ulikuwa umepata sifa ambayo mwanga wa jua wenyewe hauna. Miaka minane baadaye, Augustin Fresnel na François Arago walianza majaribio ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1819. Waligundua kwamba miale miwili iliyotoka katika chanzo kimoja, ikiwa imepolarishwa katika mwelekeo mmoja, huingiliana na kutoa mistari ya mwanga na giza kama kawaida. Lakini ikiwa imepolarishwa katika mielekeo inayokatana kwa nyuzi 90, haitoi mistari yoyote.

Fresnel alitoa hitimisho ambalo Arago hakuthubutu kuliwekea saini: mtetemo wa mwanga uko mshazari, unakatiza njia ya mwale badala ya kuifuata. Wazo hilo Fresnel alilichapisha peke yake mwaka 1821. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba ndani ya sheria hiyo ya mwaka 1819 tayari kulikuwa na nadharia nzima ya fokasi kali. Fokasi ni mwingiliano wa mawimbi: miale kutoka kila upande wa lenzi hukutana mahali pamoja, na kitone hung'aa kwa sababu mitetemo yao inajumlishana. Ikiwa mitetemo hiyo haina mwelekeo mmoja, haiwezi kujumlishana kikamilifu. Miale inayotoka kingo mbili za lenzi pana hufika kwenye fokasi ikiwa imeinama sana, na kwa kuwa mtetemo hukatiza njia ya mwale, huinama pamoja nao. Hakuna aliyelitamka hilo wakati ule.

Sababu yake inaonekana katika kazi ya George Biddell Airy. Mwaka 1835 Airy alikokotoa sura ya taswira ya nyota katika darubini yenye tundu la duara. Alipata kitone kinachong'aa katikati, kikizungukwa na pete hafifu; nusu kipenyo cha pete ya kwanza ya giza ni urefu wa wimbi ukizidishwa kwa 1.22 na kwa uwiano wa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Darubini ambayo urefu wa fokasi yake ni mara 15 ya kipenyo chake hutoa pete yenye nusu kipenyo cha mikromita 10 hivi. Airy alitumia namba moja kwa mtetemo, naye hakukosea. Katika darubini kama hiyo mwale wa ukingoni huinama kwa takriban nyuzi 2 tu. Miale ya kingo mbili zinazokabiliana hutofautiana kwa nyuzi 4, na hasara inayotokana na tofauti hiyo ni kama sehemu 2 katika 1000. Hakukuwa na chombo ambacho kingeweza kuiona. Nayo nyota iko mbali kiasi kwamba kuiita nukta ni halali kabisa, angalau kwa darubini za wakati huo. Nadharia iliyozaliwa mahali ambapo dhana zake mbili ni kweli ilikabidhiwa baadaye kwa watu wa hadubini, ambako zote mbili si kweli, na kwa muda mrefu hakuna aliyelalamika.

Kuhusu ulandanifu, mfano wa karibu zaidi ni ule wa mtoto anayechoma karatasi kwa lenzi juani. Lenzi yenye kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa fokasi wa sentimita 10 ingepaswa, kwa kanuni ya Airy, kutoa kitone chenye kipenyo kisichofika mikromita 3. Kitone kinachoonekana kwenye karatasi kina upana wa karibu milimita 1, yaani zaidi ya mara 300 ya hicho. Mwanafunzi hujibiwa kwamba hiyo ni taswira ya jua, na jua si nukta. Jibu ni sahihi, lakini lina upande wa pili. Émile Verdet alikokotoa mwaka 1865 kwamba mwanga wa jua unaofika duniani una mitetemo inayokwenda pamoja ndani ya eneo dogo tu, lenye upana wa takriban 1/20 ya milimita. Kwa mwanga huo, lenzi ya sentimita 5 haifanyi kazi kama lenzi moja, bali kama vipande vingi vidogo visivyosikilizana. Kuiongezea upana huongeza joto la kitone, lakini hakukifanyi kuwa kidogo zaidi. Ukubwa wake unaamuliwa na upana wa ulandanifu, si na upana wa kioo. Maelezo hayo mawili, taswira ya jua na ufinyu wa ulandanifu, ni kitu kimoja kilichosemwa kwa njia mbili, lakini ilichukua miaka 70 zaidi kabla usawa huo haujathibitishwa kihisabati.

Albert Michelson aliufanya ulandanifu kuwa chombo cha kupimia. Desemba 1920, yeye na Francis Pease walifunga boriti ya futi 20 yenye vioo juu ya darubini ya inchi 100 huko Mount Wilson, wakayasogeza mbali mbali matundu mawili yaliyopokea mwanga wa nyota Betelgeuse. Umbali ulipofika inchi 121, yaani mita 3 hivi, mistari ya mwingiliano ilitoweka. Kutokana na umbali huo walipata upana wa nyota hiyo angani, sekunde 0.047 za tao. Hata nyota, basi, ilikuwa imeacha kuwa nukta. P. H. van Cittert huko Utrecht mwaka 1934, na Frits Zernike huko Groningen mwaka 1938, waliandika kanuni inayounganisha umbo la chanzo na ulandanifu wa mwanga kinapoufikisha mbali. Zernike aliupa ulandanifu kipimo kinachoweza kusomwa moja kwa moja kwenye mistari: inapokuwa wazi kabisa ni 1, inapotoweka ni 0, na kati ya hapo kuna hali zote ambazo mwanga halisi huwa nazo.

Upolarishaji ulipita njia nyingine, na hapa kuna tukio ambalo historia za fokasi hulipita haraka mno. Mwaka 1890 Otto Wiener, akiwa Strasbourg, alitengeneza utando wa kupigia picha mwembamba kuliko sehemu ya ishirini ya urefu wa wimbi, akauweka mbele ya kioo cha fedha kwa mshazari mdogo, akapiga picha ya mawimbi yaliyosimama. Alipoelekeza mwanga kwa pembe ya nyuzi 45, ili mwale unaokuja na unaorudi ukatane kwa nyuzi 90, alipata matokeo mawili tofauti. Uga wa umeme ulipokuwa wima juu ya bapa la miale hiyo miwili, mistari ilionekana kwenye utando. Ulipokuwa ndani ya bapa hilo, mistari haikuwapo. Wiener alikuwa anatafuta kujua ni uga upi unaougusa utando wa picha, wa umeme au wa sumaku, na alipata jibu kwamba ni wa umeme. Lakini jaribio lake linasema pia kitu kingine: miale miwili inayokutana kwa pembe kubwa huingiliana au haiingiliani kutegemea upolarishaji wake. Hiyo ndiyo fokasi, ikiwa imepunguzwa mpaka ikabaki na miale miwili.

Vyombo vya kuliona hilo tayari vilikuwapo. Ernst Abbe, aliyeeleza ukomo wa hadubini mwaka 1873, alikuwa amefikia mwaka 1878 kutengeneza pamoja na karakana ya Carl Zeiss huko Jena lenzi zinazozamishwa ndani ya mafuta, na katika muongo uliofuata lenzi hizo zilikusanya miale iliyoinama kwa zaidi ya nyuzi 60 kila upande. Kwa pembe za namna hiyo hesabu ya namba moja inavunjika. Kwa miale iliyopolarishwa ndani ya bapa lao, nusu pembe inapofika nyuzi 45 mwingiliano wa kingo mbili ni sifuri, kama kwa Wiener. Ikizidi hapo, kingo zinaanza kupingana, na mahali palipopaswa kuwa na mwanga panaanza kuwa na giza. Hata hivyo Abbe na Lord Rayleigh, katika mjadala wao wa miaka ya 1890 na kabla yake, waligombana juu ya jambo jingine. Abbe alikichukulia kitu kinachotazamwa kana kwamba kinaangazwa na wimbi moja lenye ulandanifu kamili. Rayleigh, hasa katika makala yake ya mwaka 1896, alionyesha jinsi mambo yanavyobadilika ikiwa kila nukta ya kitu hicho inatoa mwanga wake yenyewe. Ugomvi huo ulikuwa wa ulandanifu, ingawa neno hilo halikuwa na kipimo bado. Upolarishaji haukutajwa, na haukuwa na sababu ya kutajwa: taa iliyo chini ya hadubini hutoa mitetemo ya kila mwelekeo, kila mwelekeo hurefusha kitone upande wake, na jumla yao ni kitone cha duara kilichopanuka kidogo tu. Mtazamaji aliona duara, kama Airy alivyoahidi. Upana uliozidi aliulaumu kioo.

Wa kwanza kuandika hesabu kamili ya fokasi yenye uga wa umeme na sumaku katika pande zake zote alikuwa Vladimir Ignatowsky, mzaliwa wa Tbilisi, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Optiki ya Petrograd iliyoanzishwa mwaka 1918. Makala zake kuhusu lenzi na kioo cha parabola zenye tundu la ukubwa wowote zilitoka mwaka 1919 na 1920, kwa Kirusi, katika mji uliokuwa na njaa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ignatowsky alikamatwa wakati wa mzingiro wa Leningrad na kuuawa mwaka 1942. Kazi yake ilibaki karibu bila wasomaji nje ya Urusi. Harold Hopkins alilirudia swali hilo Uingereza mwaka 1943 kwa njia ya makadirio, kisha mwaka 1959 Emil Wolf na Bernard Richards wakalitatua kikamilifu katika makala mbili za Royal Society. Walionyesha kwamba mwanga uliopolarishwa katika mwelekeo mmoja hautoi kitone cha duara bali kilichorefuka kufuata mwelekeo huo, na kwamba kwenye fokasi kali huzaliwa uga unaotetemeka sambamba na mhimili wa lenzi, jambo lisilokuwapo katika mkondo ulioingia. Leo hesabu hiyo huitwa kwa jina la Richards na Wolf. Ni haki yao kwa ukamilifu wake, lakini si haki kumwacha Ignatowsky katika tanbihi.

Wolf ndiye mtu ambaye nyuzi zote mbili zilipitia mikononi mwake, na ndiye pia anayeonyesha jinsi zilivyokuwa mbali. Alizaliwa Prague mwaka 1922, akaikimbia nchi yake baada ya uvamizi wa Wajerumani, akafika Uingereza mwaka 1940. Alipokuwa msaidizi wa Max Born huko Edinburgh aligundua kwamba ulandanifu wenyewe husafiri kama wimbi na kutii mlinganyo wa wimbi. Kwa masimulizi yake mwenyewe, Born mwanzoni alidhani kijana wake amerukwa na akili, kisha baada ya siku chache akakubali. Kitabu chao cha pamoja, Principles of Optics, kilichelewa kwa sababu Wolf alikuwa bado anaandika sura ya ulandanifu. Born aliyechoka kusubiri alimwandikia akiuliza ni nani zaidi yake anayejali jambo hilo, akamtaka aiache sura na kuupeleka muswada kwa mchapishaji. Sura ilibaki. Kitabu kilitoka mwaka 1959, na Mei 1960 Theodore Maiman akawasha leza ya kwanza. Lakini ndani ya kitabu hicho fokasi iliendelea kuhesabiwa kwa namba moja na kwa chanzo cha nukta. Makala za Richards zilikaa pembeni, ulandanifu katika sura yake, na upolarishaji kati ya kurasa nyingine.

Leza ilileta mwanga wenye ulandanifu karibu kamili na, mara nyingi, mwelekeo mmoja wa mtetemo. Ilitazamiwa kuwa dawa ya kila kitu. Waliokuwa wakijaribu kubana vitonge vya hidrojeni kwa leza kubwa ndio waliopata somo chungu zaidi: kasoro ndogo za kioo, zikikutana na ulandanifu kamili, zilikijaza kitone madoadoa makali ambayo yaliibana shabaha bila usawa. Mwaka 1983 Robert Lehmberg na Stephen Obenschain wa maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani walipendekeza kuuharibu ulandanifu kwa makusudi. Mwaka 1984 kikundi cha Kato huko Osaka kilitumia bamba lenye vipande vidogo vingi vilivyobadilisha awamu ya wimbi bila mpangilio. Baadaye upolarishaji nao uliitwa kusaidia: mkondo ukigawanywa katika sehemu mbili zenye mitetemo inayokatana kwa nyuzi 90, madoadoa ya sehemu moja hayaingiliani na ya nyingine, na utofauti wake hushuka kwa takriban asilimia 30. Sheria ya Fresnel na Arago, iliyosubiri zaidi ya miaka 160, ilipata kazi kwenye fokasi. Kabla ya hapo, mwaka 1978, Edward Collett na Wolf walikuwa tayari wameonyesha kwamba chanzo chenye ulandanifu mdogo kinaweza kutoa mkondo mwembamba sawa na wa leza. Ulandanifu kamili, basi, haukuwa sharti hata la mkondo ulionyooka.

Upande wa upolarishaji uligeuzwa vivyo hivyo kutoka hasara kuwa chombo. Mwaka 2003 Ralf Dorn, Susanne Quabis na Gerd Leuchs huko Erlangen walikusanya mkondo ambao mtetemo wake unaelekea nje kutoka katikati, kama vijiti vya gurudumu. Miale yote ya mkondo huo huinama kwa namna inayofanya uga wao ujumlishane kwenye mhimili, na kwa kutumia tundu la umbo la pete walipata kitone chenye eneo la 0.16 ya mraba wa urefu wa wimbi, badala ya 0.26 kwa mwanga wenye mwelekeo mmoja. Viwanda vya saketi vilichukua njia nyingine, kwa sababu vinachora mistari wala si vitone: katika mashine zinazotumia leza ya nanomita 193 na lenzi iliyozamishwa ndani ya maji, uga hupangwa sambamba na mistari inayochorwa, na umbo la chanzo hubadilishwa ili kuuchagua ulandanifu unaofaa kila mchoro. Anayezijua mashine hizo ataona utando wa Wiener ndani yake. Dawa iliyopakwa juu ya silikoni huguswa na uga wa umeme, kama utando wake ulivyoguswa mwaka 1890.

Mwaka huohuo wa 2003 Wolf, akiwa na miaka 80, alichapisha nadharia iliyouweka ulandanifu na upolarishaji ndani ya matriki moja, baada ya Franco Gori na wenzake wa Roma kukaribia hapo mwaka 1998. Msukumo mmoja ulitoka kwa Daniel James, ambaye mwaka 1994 alikuwa ameonyesha kwamba upolarishaji wa mkondo unaweza kubadilika ukiwa safarini katika ombwe, bila kugusa kitu chochote, kwa sababu tu ya ulandanifu wa chanzo chake. Miaka minne baada ya nadharia hiyo, watafiti wa Finland waliokuwa na Klas Lindfors waliukusanya kwa lenzi kali mwanga usiopolarishwa kabisa, wakaona kwenye bapa la fokasi pete ambamo mwanga umepolarishwa kikamilifu. Mwanga wa taa, uliokuwa umeficha mambo haya tangu siku za Abbe, ulikuwa na mpangilio wake wote kwenye fokasi, kwa mwenye chombo cha kuutazama.

Swali lililobaki ni la jina. Kwenye fokasi kali uga una pande tatu, na kipimo cha kiwango cha upolarishaji ambacho kinatokana na kazi ya George Stokes ya mwaka 1852 kilitengenezwa kwa pande mbili. Kundi la Tero Setälä na Ari Friberg lilipendekeza mwaka 2002 kipimo kimoja cha pande tatu. Jeremy Ellis, Aristide Dogariu, Sergey Ponomarenko na Wolf walipendekeza kingine mwaka 2005. Kwa mkondo uleule usiopolarishwa vipimo hivyo viwili havitoi namba moja, na kila upande una sababu zake za kukishikilia chake.